Mistari Myeusi Ukutani: Historia ya Umbo la Picha na Kumbukumbu za Gisenyi

1. Utangulizi

Projekta inapowashwa nyumbani mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, mara nyingi picha haijazi ukuta. Filamu ya skrini pana huacha mistari myeusi juu na chini. Picha ya zamani huiacha kushoto na kulia. Watazamaji wengi huiona kuwa hitilafu, wakainyoosha au kuikuza picha hadi mistari itoweke. Makala haya yanadai kwamba mistari hiyo ni alama ya historia, na kwamba kuifuta kuna gharama, hususan pale picha inapokuwa ushahidi wa mwaka 1994.

2. Chimbuko la maumbo

Uwiano wa upana kwa kimo haukutokana na maumbile ya jicho. Fremu ya 4:3, yaani 1.33, ilizaliwa pamoja na kanda ya milimita 35 katika maabara ya Edison mwanzoni mwa miaka ya 1890. Hollywood iliurekebisha kidogo uwiano huo kuwa 1.37 mwaka 1932. Kanda ya milimita 16, iliyotumiwa na wamisionari na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji katika Kongo na Ruanda-Urundi, ilifuata umbo hilohilo, na televisheni ikalirithi.

Televisheni ilipowanyang'anya wenye sinema watazamaji wao nchini Marekani, studio zilijibu kwa upana. Mwaka 1953 filamu ya The Robe ilizindua CinemaScope, mfumo uliotumia lenzi iliyobuniwa na Mfaransa Henri Chrétien kuibana picha kwenye kanda na kuitanua tena ukumbini. Uwiano wake wa awali ulikuwa 2.55, baadaye 2.35. Filamu hizo zilipofika majumbani, ama zilikatwa pembeni, ama ziliachiwa mistari myeusi.

Katika miaka ya 1980 mhandisi Kerns Powers alipendekeza 16:9, umbo lililo kati ya hayo mawili. Ni suluhu iliyogawanya hasara kwa usawa. Kwenye projekta ya nukta 1920 kwa 1080, filamu ya 2.35 hutumia takriban safu 817 za kimo, na picha ya 4:3 hutumia nukta 1440 za upana. Kila upande hupoteza karibu robo. Mistari myeusi, basi, ni sharti la suluhu hiyo.

3. Gisenyi katika fremu ya 4:3

Televisheni ya taifa ya Rwanda ilianza mwaka 1992, enzi ya 4:3. Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu walipovuka kutoka Gisenyi kuingia Goma, kamera za televisheni za dunia ziliwarekodi katika umbo hilo. Katika umati huo raia walichanganyika na waliotekeleza Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Miezi mitatu kabla, mwandishi wa habari Nick Hughes alikuwa amerekodi kwa mbali mauaji katika barabara ya Kigali. Picha hizo zikawa kielelezo mbele ya mahakama ya kimataifa mjini Arusha.

Tatizo la pili limo katika filamu ziitwazo agasobanuye, zinazosimuliwa upya na mfasiri kwa Kinyarwanda. Pale filamu pana iliponakiliwa ndani ya fremu ya 4:3, mistari ya juu na chini ikawa sehemu ya picha yenyewe. Nakala hiyo ikionyeshwa na projekta ya 16:9, weusi huizunguka pande zote nne, na filamu hubaki na takriban asilimia 43 ya eneo la skrini.

4. Gharama ya kujaza ukuta

Kunyoosha 4:3 hadi 16:9 huongeza upana wa kila uso kwa theluthi moja. Kuikuza picha hukata robo ya kimo chake: vichwa, miguu, au maandishi ya tarehe. Katika filamu ya burudani hasara hiyo ni ya ladha. Katika picha ya umati wa mpakani, anayetolewa nje ya fremu huenda ndiye ambaye jamaa au mpelelezi anamtafuta. Na shahidi aliyepotoshwa sura mbele ya hadhara ya maombolezo hakutendewa heshima.

5. Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, hifadhi za kumbukumbu ziandike uwiano asilia katika rekodi ya kila picha, na zisitoe nakala iliyojazwa kuwa 16:9. Pili, waandaaji wa maonyesho ya kumbukumbu ya kila Aprili waelekezwe kuiweka projekta katika umbo asilia kabla hadhira haijaketi. Tatu, mahali ambapo mistari inakera, ifunikwe kwa kitambaa cheusi pembeni mwa ukuta, kama kumbi za sinema zilivyofanya kwa mapazia. Kitambaa ni rahisi kupatikana. Robo iliyokatwa ya picha, nakala asilia ikishapotea, haipatikani tena.