Hesabu ya Ulingoni

Mpiganaji akiangushwa ulingoni, akahesabiwa hata kumi asiinuke, mshindi hujulikana pasipo mjadala. Taabu huanza pale mabondia wawili wanapomaliza raundi zote wakiwa wamesimama. Hapo watu watatu walioketi kando ya ulingo, wasiopiga wala kupigwa konde hata moja, ndio wasemao nani ameshinda. Walipataje uwezo huo? Jibu limo katika historia ya mchezo wenyewe.

Hapo kale, huko Uingereza, swali hili halikuwa na uzito. Mwaka wa 1743 Jack Broughton, bingwa wa ngumi wa London, alitunga kanuni za mchezo huu na kuziandika. Watu walipigana kwa mikono mitupu. Raundi haikupimwa kwa saa. Ilikwisha mmoja alipoanguka, naye alipewa nusu dakika arejee mahali pake. Asiporejea, alikuwa ameshindwa. Waamuzi walikuwapo: wapiganaji walichagua wawili miongoni mwa waungwana waliohudhuria, na hao wawili wasipopatana, walimchagua wa tatu akate shauri. Lakini kazi yao ilikuwa kuamua ugomvi juu ya kanuni, wala si kuhesabu makonde. Mshindi alijitangaza mwenyewe kwa kubaki wima.

Uhakika huo ulikuwa na gharama kubwa. Mwezi wa Julai 1889, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, John L. Sullivan na Jake Kilrain walipigana juani raundi 75, kwa muda uliopita saa mbili. Mwishowe msaidizi wa Kilrain aliona ni heri kukubali kushindwa kuliko kumzika mtu wake. Pambano hilo lilikuwa la mwisho la ubingwa wa uzito wa juu kupiganwa bila glovu.

Wakati huo kanuni mpya zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Zilitolewa mwaka wa 1867 kwa jina la Marquess wa Queensberry, ingawa mwandishi wake alikuwa John Graham Chambers. Ziliamuru glovu, raundi za dakika tatu, mapumziko ya dakika moja, na sekunde kumi kwa aliyeanguka. Idadi ya raundi nayo ikawekewa mpaka. Basi saa ikaingia ulingoni, nayo saa ikamwita jaji. Kwa maana kengele ya mwisho yaweza kulia wote wawili wakiwa bado wima.

Watu hawakumwamini jaji huyo upesi. Katika jimbo la New York, tangu 1911 hata 1917, ngumi zilichezwa chini ya sheria isiyoruhusu hukumu yoyote kutolewa baada ya raundi kwisha. Watazamaji waliondoka bila kutangaziwa mshindi, wakangoja magazeti ya kesho yake, na gazeti hili lilimsifu mmoja huku lile likimsifu mwenzake. Sheria mpya ya 1920 ikarudisha hukumu, ikaweka majaji wawili pamoja na mwamuzi wa ulingoni.

Namna za kuhesabu zilitofautiana kwa muda mrefu. Tazama mwezi wa Machi 1971. Tarehe 8, mjini New York, Joe Frazier alimshinda Muhammad Ali katika raundi 15. Huko zilihesabiwa raundi alizoshinda kila mmoja. Mwamuzi alimpa Frazier raundi nane na Ali sita, moja ikawa sare. Jaji mmoja akahesabu tisa kwa sita, wa pili kumi na moja kwa nne. Wote watatu walimtaja mshindi mmoja, lakini katika pambano lile lile mmoja aliona tofauti ya raundi mbili, na mwingine ya raundi saba! Siku nane baadaye, mjini London, Joe Bugner alipigana na Henry Cooper. Huko mwamuzi peke yake ndiye aliyehesabu, tena kwa sehemu za alama. Alimpa Bugner 73¾ na Cooper 73½. Robo ya alama ikahamisha ubingwa.

Siku hizi desturi iliyoenea ni ya alama kumi. Mshindi wa raundi hupewa 10, na mwenzake 9. Aliyeangushwa mara moja kwa kawaida hupata 8. Majaji watatu huketi pande tatu za ulingo, wasishauriane. Hutazama makonde safi yaliyofika, mashambulizi yenye faida, kuutawala ulingo, na kujikinga. Fanya hesabu mwenyewe: katika raundi 12, mtu akishinda saba na kushindwa tano, atapata 115 kwa 113. Hata kama zile saba alizishinda kwa unywele na zile tano alishindwa waziwazi, lakini bila kuangushwa, jumla yaweza kuwa hiyo hiyo. Kila raundi ina daftari lake.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hata hivyo, Machi 1999, Lennox Lewis na Evander Holyfield walipopigana New York, jaji mmoja alimpa Lewis 116 kwa 113, wa pili akampa Holyfield 115 kwa 113, na wa tatu akaandika 115 kwa 115. Ikawa sare, ingawa wengi waliotazama walimwona Lewis ameshinda. Waliporudiana Novemba mwaka huo, majaji wote watatu walimpa Lewis.

Nasi Wakenya tumeyaonja machungu haya, japo katika ngumi za ridhaa. Philip Waruinge alipewa tuzo ya ufundi bora katika Olimpiki ya Mexico 1968. Lakini katika fainali ya Munich 1972 majaji watatu walimpa ushindi Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovieti, wawili wakampa yeye, akarudi na fedha. Robert Wangila hakuwaachia majaji neno: huko Seoul 1988 alimwangusha mpinzani wake katika fainali, akatwaa dhahabu.

Je, si afadhali kila pambano liishe vivyo hivyo? Kumbuka kwamba Wangila mwenyewe alifariki mwaka wa 1994 kwa majeraha ya pambano la kulipwa huko Las Vegas. Hukumu ya konde haikosei hesabu, lakini hutoza mwili wa mtu. Hukumu ya kalamu hukosea, nayo hutoza haki yake. Kosa la kalamu laweza kukaguliwa, na pambano likarudiwa. Kwa hiyo jaji huwekwa kando ya ulingo, naye hupaswa kuandika alichokiona kwa macho yake, wala si anachopigiwa kelele na umati.