Barua ya Khiva: Insha za Kiingereza Katika Shule za Kati

Ndugu Mhariri aliponiandikia kunitaka nitoe makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, nilidhani angependa habari za mabweni, za mpira, au za walimu wakuu waliopita. Hayo wenzangu wameyaandika mara nyingi, na kwa ustadi kunishinda. Nimeona afadhali nirudi nyuma hatua moja, kwenye shule za kati, ambako wazee wenzangu wengi walitoka kabla ya kuingia hapa, nami niseme habari za kipindi kimoja tu: Kiingereza, hasa insha na vitabu vya hadithi.

Ninyi vijana mnaosoma hapa leo yafaa mwelezwe kwanza shule ya kati ilikuwa kitu gani. Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 elimu ilipangwa kwa miaka minne minne: darasa la I hadi la IV shule ya msingi, la V hadi la VIII shule ya kati, la IX hadi la XII sekondari. Shule za kati nyingi zilikuwa za bweni, zenye shamba na majembe, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilitaka mtoto ajifunze kilimo. Wazazi wetu walitaka Kiingereza. Kilimo walikuwa nacho nyumbani. Mwisho wa darasa la VIII ulikuwapo mtihani, na waliopenya walikuwa wachache mno. Mwalimu Nyerere aliitaja hesabu yake katika Elimu ya Kujitegemea: mwaka 1961, tulipopata Uhuru, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari, na kati yao 176 tu ndio waliokuwa kidato cha VI.

Mtihani wa namna hiyo ulikuwa na tabia yake. Kosa moja la Kiingereza lilikuwa alama moja, na alama moja iliweza kumrudisha mtu kijijini. Basi tukafundishwa kuandika kwa hadhari. Sentensi fupi, neno usilolijua usiliguse. Insha zilikuwa zile zile kila mwaka: siku ya mvua, safari kwa gari moshi, maisha ya senti. Hii ya senti kila mzee wa rika langu aliiandika. Senti ilizaliwa kiwandani, ikakaa benki, ikaingia mfukoni mwa tajiri, ikaanguka njiani, ikaokotwa na mtoto. Mwalimu aliiandika ubaoni, tukainakili, tukaikariri.

Nilipokuwa darasa la VI nilijitia ujanja. Sarafu zetu za senti 10 siku hizo zilikuwa na tundu katikati, na bibi yangu alizitunga katika uzi akazining'iniza juu ya kitanda chake. Nikaandika kwamba senti yangu haikusafiri popote. Ilikaa katika uzi ikisikiliza mazungumzo ya nyumba. Nilipata alama 3 kwa 10, na mstari mwekundu toka juu hadi chini. Si kwamba mwalimu alikuwa mtu mbaya. Alijua atakayesahihisha darasa la VIII hatakuwa na nafasi ya kumsikiliza bibi yangu.

Vitabu vya kusoma navyo vilikuwa na historia yake, ambayo mimi nilikuja kuijua uzeeni. Mwingereza mmoja, Michael West, alifanya kazi ya elimu Bengal, na mwaka 1926 aliandika taarifa juu ya watoto wa huko. Aliona kuwa wengi huacha shule mapema, na Kiingereza cha kusema hupotea upesi. Akashauri wafundishwe kwanza kusoma, maana mwenye kujua kusoma hubaki na kitu hata akiacha shule. Kwa hiyo hadithi ziandikwe upya kwa maneno machache yaliyochaguliwa. Orodha yake mashuhuri ya 1953 ina maneno kama 2,000. Hivyo ndivyo tulivyopata vile vitabu vyembamba ambavyo safari ya mwaka mzima humalizika kwa kurasa mia. Nimewahi kusikia vikibezwa. Mimi sivibezi. Mtoto wa darasa la VII aliweza kukimaliza kitabu kizima cha Kiingereza peke yake, akakifunga, akajiona mtu.

Mmojawapo ulikuwa ule wa Rider Haggard juu ya machimbo ya Mfalme Sulemani, wa mwaka 1885. Baadhi yetu tulikwisha kuusoma kwa Kiswahili, Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka 1929, kwa hiyo tulikuwa tukisoma Kiingereza huku tumeshajua kitakachotokea. Mwaka huo alitujia mwalimu kijana aliyetoka chuoni. Alipoona tunamaliza kurasa upesi akatuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: katika hadithi hii, nani hatujamsikia akisema?

Tukakaa kimya. Akatukumbusha Khiva, yule mtumishi Mzulu ambaye tembo alipomjia Bwana Good alirusha mkuki wake kumwokoa bwana yule, na tembo akamwua yeye. Msafara ukaendelea. Mwalimu akasema: andikeni barua ambayo Khiva angempelekea mama yake usiku wa kuamkia siku ile. Kwa Kiingereza, kurasa mbili, na makosa nitayasahihisha kesho, si leo.

Hapo ndipo nilipoona darasa limeinama kweli kweli. Aliyekuwa jirani yangu hakuandika habari za Khiva hata kidogo. Babu yake alichukuliwa upagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, katika lile jeshi la wachukuzi ambalo jina lake limebaki Dar es Salaam katika Kariakoo. Aliandika jinsi mpagazi anavyohesabu wenzake kila asubuhi, na jinsi mzigo wa aliyekufa unavyogawanywa kwa waliobaki. Kiingereza chake kilikuwa kimevunjika kila mahali. Mwalimu aliisoma kimya, kisha akamwambia asimame aisome kwa sauti. Hakuna aliyecheka makosa, nasi tulikuwa watu wa kucheka makosa.

Kwa muda wa muhula mmoja tukawa na daftari la darasa, lililowekwa dirishani, kila mtu akiandika alichotaka. Tulitunga hadithi za fisi kwa Kiingereza, tukaandika mashairi yasiyo na vina, tukabishana pembeni mwa kurasa. Muhula uliofuata mkuu wa shule alilisimamisha. Mtihani umekaribia, alisema, na daftari hilo linawazoeza makosa. Shule hiyo ilikuwa pia na kibao cha kuvaa shingoni kwa atakayesikika akisema lugha ya kwao; Ngugi wa Thiong'o ameeleza desturi kama hiyo ya Kenya katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, na aliyewahi kukivaa hahitaji kuelezwa zaidi. Ajabu ni kwamba lugha ile ile iliyotundikwa shingoni mwetu kwa aibu ndiyo iliyompa jirani yangu nafasi ya kumsema babu yake mbele ya watu. Yote mawili ni kweli, nami sitaki kulificha mojawapo.

Shule za kati zilikwisha katika miaka ya 1960, zikamezwa na shule za msingi za miaka saba, na mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia madarasa yote ya msingi. Wako waliosikitika. Lakini tazameni waliokulia katika Kiingereza walifanya nini baadaye. Nyerere, aliyesoma Tabora, alimtafsiri Shakespeare mara mbili: Juliasi Kaizari, uliotoka kwanza 1963, na Mabepari wa Venisi, 1969. Gabriel Ruhumbika alianza na riwaya ya Kiingereza, Village in Uhuru, mwaka 1969, kisha akaandika kwa Kiswahili. Sidai kwamba insha za shule ndizo zilizowafanya hivyo. Nasema tu kwamba kalamu iliyozoeshwa katika lugha moja iliweza kuhamia nyingine, ilimradi iwe ilizoeshwa kutunga, si kunakili ubao.

Jirani yangu yule alifaulu, tukaja naye hapa, akalala bweni moja nami miaka minne. Sasa ni marehemu. Daftari la dirishani nilipata kuliulizia baadaye. Nikaambiwa karatasi zake zilifungiwa karanga. Kwa hiyo barua ile imebaki kwangu tu, na kwangu imebaki nusu.

Nina ombi kwa wazee wenzangu. Mwenye daftari lolote la insha, la shule ya kati au la hapa, hata likiwa limeliwa na mchwa, aje nalo siku ya mkutano alikabidhi maktaba ya shule. Langu la darasa la VI ninalo bado, lenye senti 10 ya bibi na ule mstari mwekundu. Nitalileta.