Mtoto, Ng'ombe na Ardhi: Bei ya Shule Kajiado katika Historia na katika Riwaya za Henry ole Kulet

Utangulizi

Katika maandishi mengi yahusuyo elimu nchini Kenya, Wamaasai hutajwa kuwa jamii iliyoikataa shule. Kauli hiyo ilianza katika taarifa za maofisa wa kikoloni, ikarithiwa na wapangaji wa elimu baada ya Uhuru, na hatimaye ikaingia katika uhakiki wa fasihi, ambamo aghalabu mila huwekwa upande mmoja wa mizani na shule upande wa pili. Makala haya yanadai kuwa dhana ya "kukataa" haitoshi kuieleza historia hiyo. Swali lililozikabili familia za Kajiado na Narok halikuwa iwapo elimu ni njema au mbaya. Lilikuwa swali la nani mwenye haki ya kuchagua, na shule italipiwa kwa kitu gani. Malipo hayo yamebadilika mara tatu: kwanza mtoto mwenyewe, kisha ng'ombe, na mwishowe ardhi. Riwaya za Henry ole Kulet (1946–2021) zinachunguzwa hapa kwa sababu zinaidhihirisha bei hiyo ndani ya nyumba, mahali ambapo ripoti za serikali hazifiki.

Mtoto aliyetolewa

Shule iliwafikia Wamaasai wakati ambapo tayari walikuwa wameumizwa na maandishi. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 walipoteza malisho yao ya Bonde la Ufa na baadaye Laikipia, wakahamishiwa katika hifadhi ya kusini ambayo leo ni kaunti za Kajiado na Narok. Walipokwenda mahakamani katika kesi iliyojulikana kwa jina la Ole Njogo, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1913 kuwa haina mamlaka ya kuisikiliza, kwa hoja kwamba mkataba ulikuwa baina ya dola mbili. Kwa hiyo, si sahihi kudhani kuwa wazee hawakuutambua uwezo wa kalamu. Waliutambua, tena kwa gharama kubwa.

Ushahidi wa jambo hili ni maisha ya Molonket ole Sempele. Mwaka 1909 alisafiri hadi Boydton, Virginia, nchini Marekani, kutafuta elimu, na aliuza mifugo yake ili aweze kusafiri. Alichagua mwenyewe na alilipa mwenyewe. Hali ilikuwa tofauti serikali ilipoanza kuwaagiza machifu kuwatoa watoto wa kujaza shule yake ya Narok. Hapo mtoto aligeuka kuwa namna ya kodi. Mzazi aliyelazimishwa kutoa mtoto mmoja alifanya hesabu ambayo mfugaji yeyote angeifanya: hakumtoa yule anayetegemewa zizini. Afisa wa kikoloni aliliita tendo hilo ukaidi, lakini kwa mtazamo wa boma lilikuwa uteuzi.

Riwaya ya kwanza ya Kulet, Is It Possible? (1971), inasimama juu ya msingi huu. Mhusika mkuu, Lerionka, ni kijana mchungaji anayeingia shuleni, na kichwa cha riwaya ni swali lisilo na jibu rahisi: je, inawezekana kuwa msomi bila kuacha kuwa Mmaasai? Katika To Become a Man (1972), Leshao naye anavutwa na shule upande mmoja na umorani upande mwingine. Wahakiki wanaozisoma kazi hizi kama mgongano wa tamaduni mbili hupitiwa na jambo la msingi. Vijana hawa wanaingia katika mpango ambao masharti yake yamewekwa na wengine, na ndani ya mpango huo wanatafuta nafasi ya kuamua.

Ng'ombe aliyeuzwa

Baada ya Uhuru, Tume ya Ominde (1964) iliitazama elimu kama chombo cha kuliunganisha taifa. Mwaka 1971 karo ya shule za msingi ilifutwa katika wilaya kame, Kajiado ikiwamo, na mwaka 1974 agizo hilo likapanuliwa nchini kote kwa madarasa manne ya kwanza. Hata hivyo, kufuta karo hakukufuta gharama. Sare na michango ya majengo vilibaki. Fauka ya hayo, mtoto aliyekaa darasani aliacha pengo malishoni, na pengo hilo lilizibwa na ndugu aliyebaki nyumbani. Familia nyingi zikawa na mtoto wa shule na mtoto wa ng'ombe, mmoja akimsomesha mwenziwe kwa jasho asilolipwa.

Kwa wale walioendelea hadi sekondari, malipo yalitoka zizini. Malipo ya namna hii yalikuwa na sifa moja muhimu: ng'ombe huzaa. Boma lililouza dume mwezi wa Januari lingeweza kulirudisha pengo hilo baada ya mvua mbili tatu njema, maadamu malisho yalikuwapo.

Ardhi isiyorudi

Maadamu hayo ndiyo yaliyotoweka. Sheria ya mwaka 1968 ilikuwa imeanzisha ranchi za vikundi, ambamo ardhi ilimilikiwa kwa pamoja. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake na hatimiliki yake. Mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na eneo la Athi River likaanza kuvuta wafanyakazi. Nyumba, maduka na uzio vikasambaa, na karo ikaanza kulipwa kwa ekari.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatokana na mpango wa hifadhi ya wanyamapori ulioanzishwa Kitengela mwaka 2000. Wenye ardhi walilipwa dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasiuze wala kuzungushia uzio, na malipo yakatolewa mara tatu kwa mwaka, yakilinganishwa na mwanzo wa mihula ya shule. Waandalizi wake walielewa kuwa katika nyanda hizo muhula ndio msimu wa kuuza. Hata baada ya elimu ya msingi bila malipo kutangazwa mwaka 2003, ushindani ulihamia katika shule za binafsi zilizochipuka Kitengela na Ongata Rongai. Laiser ni jina la ukoo wa Kimaasai unaosifika kwa malaiboni wake. Leo, kwa wakazi wengi wa viunga vya Nairobi, Laiser Hill ni jina la shule ya kulipia. Mtoto anayesomeshwa kwa kipande cha mwisho hurudi na cheti mahali ambapo hana tena pa kurudi.

Binti na deni

Blossoms of the Savannah (2008) inaipeleka hoja hii mbele zaidi. Resian anatamani kusoma Chuo Kikuu cha Egerton, lakini baba yake, Ole Kaelo, anakusudia kumwoza Oloisudori, tajiri anayemfadhili kibiashara. Ikumbukwe kuwa Ole Kaelo si mzee wa malishoni asiyeijua shule. Ni mtu aliyeajiriwa mjini Nakuru kwa miaka mingi kabla ya kurejea Nasila. Kizuizi cha Resian, basi, hakitokani na ujinga wa mila peke yake. Kinatokana na deni la mfanyabiashara, nayo mila inatumiwa kama stakabadhi. Taiyo, dada yake, anatekwa na kukeketwa kwa nguvu. Wokovu wao unaletwa na Minik, mwanamke msomi ambaye pia ni meneja wa ranchi ya kondoo, mtu aliyekataa kuchagua baina ya kitabu na mifugo.

Hitimisho

Minik ndiye jibu la Kulet kwa swali aliloliuliza mwaka 1971: inawezekana, ila kwa yule mwenye ardhi, mifugo na uhuru wa kuchagua kwa pamoja. Historia ya Kajiado inaonyesha jinsi vitu hivyo vitatu vilivyotenganishwa. Uhakiki unaoendelea kusema kuwa Wamaasai waliikataa shule unawasamehe waliopanga bei, na unawalaumu waliolipa.