Shingo ya Gitaa Kavu na Mkono wa Kusini

Mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya misheni ya Masasi kuunguzwa katika vita vya Majimaji, Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alifika Masasi, kisha akapanda hadi Newala. Miongoni mwa mizigo yake ilikuwamo mashine ya kunasia sauti juu ya mitungi ya nta. Pale Masasi alikutana na Sulila, manju kipofu aliyekuwa akiimba huku akiipiga ala yake ya uzi, na habari zake akaziingiza katika kitabu alichokitoa mwaka 1908. Nta iliihifadhi sauti. Haikuweza kuhifadhi mguso, yaani namna vidole vya mtu yule asiyeona vilivyoijua ala, mahali vilipotua na nguvu vilizotumia. Kwa kipofu hayo ndiyo ala yenyewe. Rangi na urembo wake ni mambo ya wenye macho.

Msomaji wa visiwani asidhani kuwa Masasi ni nchi ya mbali. Makazi ya misheni yake yalianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, huyu huyu aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kukusanya hadithi za Unguja, naye alikwenda na watumwa walioachwa huru ambao walitoka papa hapa Zanzibar. Mwaka 1882 Wamagwangwara waliyashambulia makazi hayo, na shughuli nyingi za misheni zikahamia Newala. Tangu hapo njia ya watu baina ya visiwa na kusini haikufungika. Wamakonde walivuka kuja kuchuma karafuu, wengine wakaenda kukata mkonge Lindi na Tanga, na ngoma zao wakazichukua pamoja nao. Sindimba haikungoja kualikwa.

Basi mkono wa kusini ulikuwa umezoea nini kabla ya gitaa? Ulizoea zeze na malimba. Zeze linalokusudiwa hapa si lile la kusugua kwa upinde, bali la fimbo bapa iliyofungiwa kibuyu. Ndugu zake wako Komoro na Bukini. Upande mmoja wa fimbo hiyo huchongwa nundu chache, kwa kawaida tatu, na kidole kikiubana uzi juu ya nundu sauti hupanda. Nundu zile si kitu kingine ila freti. Wanaosema kwamba Mwafrika alizijua freti siku aliyoletewa gitaa na Mzungu hawajapata kulishika zeze. Hata hivyo fimbo yake ni nyembamba, nayo hulala mkononi kwa namna isiyofanana na gitaa. Nyuzi ni chache, kiganja hakina haja ya kupanuka, na vidole hufika vinapotaka bila kujinyoosha. Ama malimba, hayo yalifundisha jambo jingine: kwamba gumba si mtumishi wa vidole bali ni mwimbaji mwenye sauti yake.

Gitaa lililoenea zaidi mikononi mwa wenye kipato kidogo, kutoka Afrika ya kusini hadi nchi zetu, lilikuwa la kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, lenye jina la Gallotone. Vinywa vya Waswahili vililisaga jina hilo hadi likawa galatoni, na mahali pengi likawa ndilo jina la kila gitaa kavu, hata lisilotoka huko. Lilikuwa gitaa la bei nafuu, na ndani yake palibandikwa karatasi ya kumhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka, ahadi yenye maana sana katika nchi za jua na masika. Moja la aina hiyo lilivuka hadi Liverpool, nalo ndilo alilolipiga kijana John Lennon tarehe 6 Julai 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney.

Aliyelipa gitaa kavu heshima katika lugha ya Kiswahili ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Hugh Tracey alimnasa mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Bosco alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, na msikilizaji akadhani ni wapigaji wawili. Upigaji huo unaeleweka upesi na mtu aliyekulia kwenye malimba, ambayo nayo huenda kwa vidole vichache, gumba likishika chini na mwenziwe akicheza juu. Lakini unataka nyuzi zenye nafasi baina yao. Zikibanana, kidole cha shahada hukwaruza uzi wa jirani, na wimbo hupoteza ufasaha kama beti iliyozidishwa mizani.

Hapa ndipo upana wa shingo unapoingia. Wajuzi huupima pale juu, kwenye kile kijipande cha mfupa ambamo nyuzi hupita kuelekea kichwani. Magitaa ya Kihispania ya nyuzi za utumbo, na baadaye za nailoni, huwa na kama milimita 52. Yale ya nyuzi za chuma yaliyotengenezwa Marekani kabla ya miaka ya 1930 mara nyingi yalikuwa na karibu 48. Kisha mambo yalibadilika, na si kwa ajili ya wapiga gitaa. Wapigaji wa banjo walikuwa wakikosa kazi, wakataka gitaa lenye shingo nyembamba na ndefu iliyo karibu na ile waliyoizoea. Mwaka 1929 kampuni ya Martin ilimtengenezea mmoja wao, Perry Bechtel, gitaa la freti 14 nje ya tumbo badala ya 12. Upana ukashuka hadi 44 na nusu, halafu karibu 43. Kwa hiyo wembamba unaoonekana leo kuwa ndio desturi ya gitaa kavu ni urithi wa mkono wa banjo.

Tofauti ya milimita tano si ndogo. Kwenye shingo nyembamba gumba la mkono wa kushoto huweza kupanda juu ya ukingo likaubana uzi mnene, jambo ambalo walimu wa Kihispania hulikemea na wapigaji wa vijijini hulifanya bila kuomba ruhusa. Kwenye shingo pana gumba hukaa nyuma na vidole husimama wima. Wala upana pekee hautoshi. Shingo mbili zenye upana mmoja huweza kutofautiana kabisa kwa mgongo: moja ina ncha kama merikebu iliyopinduliwa, kama zilivyokuwa nyingi za miaka ya 1920 na 1930, nyingine ni ya duara, nyingine imebapa. Mwenye kununua gitaa la zamani kwa kulitazama tu ananunua picha. Alishike kwa muda mrefu, apige wimbo mzima, asubiri kiganja kilalamike.

Halafu kuna hewa. Gitaa lililozoea unyevu wa Mikindani likipandishwa hadi Newala, mji uliokaa ukingoni mwa uwanda ukilitazama bonde la Ruvuma, hukutana na kiangazi kikavu na usiku wa baridi. Mbao husinyaa, na ncha za freti hutokeza zikakwaruza mkono kama meno ya msumeno. Na shingo isiyo na chuma cha kurekebisha ndani yake, chuma ambacho Gibson ilikipatia hataza mwaka 1923 na wengine wakachelewa kukiiga, huvutwa na nyuzi hadi ikapinda. Atakaye kuijua hali yake aubane uzi kwenye freti ya kwanza na tena pale shingo inapokutana na tumbo, kisha atazame katikati. Uwazi mdogo kama unene wa karatasi si ugonjwa. Ukiingia unene wa senti, gitaa hilo litataka fundi, na fundi wa shingo ni adimu kuliko gitaa.

Jambo la ajabu ni kwamba mti ufaao kabisa kwa kazi hiyo humea kusini kwenyewe. Mpingo wa misitu ya miombo ya Lindi na Mtwara huzama majini kwa uzito, na huchukua miaka 70 au zaidi kufikia kukatwa. Ulaya huutia kwenye klarineti na zumari zake, mafundi wachache huulaza juu ya shingo za magitaa, na Mmakonde huuchonga sanamu zinazouzwa kwa watalii kwa jina la mti mwingine, ingawa mpingo hauna udugu wowote na huo mweusi wa Bukini na Seilani. Tarehe 2 Januari 2017 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe ulio hatarini uliuweka ukoo wote wa mpingo chini ya vibali, hata mwanamuziki aliyetaka kuliuza nje ya nchi gitaa la babu yake akahitaji karatasi. Ala zilizokamilika zilifunguliwa tena tarehe 26 Novemba 2019.

Gitaa kuukuu lililopigwa kweli hujulikana mgongoni. Nyuma ya freti tatu za mwanzo vanishi huwa imekwisha, na mbao imelainika kwa jasho hadi ikafanana na mpini wa jembe la zamani. Upande uliolika zaidi huonyesha kama gumba la mwenyewe lilikaa nyuma au lilipanda juu ya ukingo. Wauzaji wengi hulipiga msasa na vanishi mpya ili lipate bei, na mnunuzi hupewa shingo safi inayong'aa, isiyo na habari yoyote ya mkono uliotangulia.