Daftari la majina ya intaneti: moja au mengi?

Mwaka 1982 mambo yalikuwa rahisi. Ukitaka kujua nani ni nani kwenye ARPANET, uliuliza kompyuta ya SRI kule California kwa WHOIS. Daftari moja, basi.

Mwaka 1999 soko la .com likafunguliwa kwa wasajili wengi. Daftari kuu likabaki na jina la kikoa, seva zake, tarehe na jina la msajili. Jina na anwani ya mwenye kikoa zikakaa kwa msajili wake. Na daftari kuu lilikuwa mikononi mwa Network Solutions, msajili mwenzao! Nani angependa kumkabidhi mshindani orodha ya wateja?

Halafu 2007 RegisterFly ikaanguka, na ICANN ikabidi iende mahakamani kudai data za wateja. Tangu hapo nikawa mtu wa daftari moja. Mwaka 2014 hata bodi ya ICANN ilikubali .com ifuate njia hiyo.

Lakini mimi huyu huyu niliandika namba yangu ya simu kwenye kikoa changu cha kwanza, nikasumbuliwa na matapeli miezi mizima. Mei 2018 sheria ya Ulaya, GDPR, ilipoanza kutumika, mpango ule ulikwama. Sikulia.

Leo naona tulichanganya maswali mawili: nani atunze, na nani aone. Nakala iwekwe amana kwa mtu wa tatu, msajili akifa isife naye. Kuonyeshwa kila mpita njia? Hapana. Wewe waonaje?