Shinkolobwe: Madini Yaliyopita Mlangoni Petu

Ajnabi anayesoma habari za bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 aghalabu hukutana na majina ya wanazuoni wa Marekani na majangwa walimofanyia majaribio yao, wala haimjii akilini kwamba sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga nchini Kongo, jirani na Likasi iliyoitwa Jadotville zama za Wabelgiji. Wala sisi tukaao pande hizi za Kabondo-Dianda hatukumbuki sana kwamba sehemu ya shehena ile, katika miaka ya vita, ilipakiwa katika mabehewa ikapita kwa reli hii hii itokayo Bukama kwenda Kamina, ikafika Ilebo kwenye mto Kasai, ikateremka kwa matishari hadi Kinshasa, kisha ikashika reli nyingine hadi bandari ya Matadi.

Mahali penyewe palivumbuliwa mwaka 1915 na Robert Rich Sharp, Mwingereza mtumishi wa Union Minière, shirika la madini la Wabelgiji. Kilichotamaniwa wakati huo kilikuwa radiamu, iliyosafishwa Olen huko Ubelgiji na kuuzwa kwa thamani ya ajabu kwa waganga wa saratani. Urani yenyewe ilikuwa kama makapi yabakiayo baada ya kupepeta. Mgodi ukafungwa mwaka 1937. Lakini Edgar Sengier, mkurugenzi wa shirika, alikwisha kuonywa na wataalamu juu ya nguvu iliyofichika mle, na mwaka 1940 akapeleka tani zipatazo 1,200 New York, zikawekwa ghalani Staten Island hadi Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipokuja kuzinunua. Mawe hayo bora yalikuwa na oksidi ya urani hata asilimia 65, ilhali yale ya Colorado hayakufikia hata asilimia moja. Ndipo mgodi ukafunguliwa upya, maji yaliyofurika humo yakapigwa pampu, na watu wakarudishwa shimoni.

Watu gani? Union Minière ilikuwa na ada ya kuajiri vijana katika wilaya ya Lomami, Kasai na hata Ruanda-Urundi, hivyo reli iliyotoa madini ndiyo iliyoleta mikono ya kuyachimba. Walifanya kazi mchana na usiku, wakiyabeba mawe na kuvuta vumbi lake, wala hawakuambiwa kilichomo ndani, kwa kuwa siri ya vita ilikuwa juu ya kila kitu. Mwaka 1946 Sengier alitunukiwa nishani ya Marekani, na aina moja ya madini ya Katanga ikapewa baadaye jina lake, sengieriti. Wachimbaji hawakupewa nishani, na sijapata kusikia kwamba walipewa hata maelezo.

Huko Marekani kwenyewe Wanavajo, wenyeji wa asili wa nchi ile, walipatwa na msiba wa namna hii. Tangu 1944 hadi 1986 zilichimbwa tani milioni 30 hivi za mawe ya urani katika ardhi yao, yakabaki machimbo zaidi ya 500 yaliyotelekezwa. Lakini wajane wao walishika njia ya mahakama na bunge hata ikatungwa sheria ya fidia mwaka 1990, ingawa wengi walitaabishwa kwa kuwa ndoa zao za kimila hazikuwa na hati. Na mwaka 2005 taifa lao likapiga marufuku uchimbaji wa urani katika nchi yao.

Kwetu, mashimo yalizibwa kwa zege kabla ya uhuru wa 1960, basi. Fukara wa miaka ya tisini, Gécamines, shirika la dola lililorithi Union Minière, ilipodhoofika, walirudi na sururu kutafuta kobalti juu ya mabaki yale yale, wakawa maelfu. Rais Joseph Kabila akapafunga kwa amri mwezi Januari 2004. Julai ya mwaka ule ule ardhi ikaporomoka na kuua watu, na Umoja wa Mataifa ukatuma wapimaji wa mionzi.

Mionzi, basi, imepimwa, watu hawajahesabiwa. Na si kwamba karatasi hazipo. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, ameandika kwa marefu juu ya maradhi na vifo vya wafanyakazi wa Union Minière, shirika lililomfungulia kila mfanyakazi jalada lake. Kutoka katika majalada hayo yamkini kutoa orodha ya waliotumikia Shinkolobwe, vijiji vyao na miaka yao. Na Lomami, natumaini, haitakosa ukurasa wake.