Karani na Kalamu Yake: Mshahara na Wito Katika Historia Yetu

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, walimu wengi huendewa na vijana wenye swali moja. Kijana anapenda historia, au lugha, au uchoraji, au muziki; nyumbani, wazazi na ndugu zake wanamtazamia asomee kazi yenye mshahara mnono. Je, asomee lile analolipenda au lile litakalomlipa? Mwalimu mmoja humwambia afuate moyo wake, kana kwamba moyo hauli wala hauvai. Mwingine humwambia afuate fedha, kana kwamba binadamu ni tumbo tu. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Makala haya hayakusudii kumchagulia kijana huyo njia. Yanakusudia kuonyesha kwamba swali lake lina historia katika nchi yetu, na kwamba historia hiyo ina jambo la kumfundisha yeye na kutufundisha sisi tunaomshauri.

Katika jamii zetu za kale swali hili halikuulizwa kwa namna hii. Mhunzi alikuwa pia mkulima. Manju aliyetunga nyimbo na kuongoza ngoma alishika jembe mvua zilipoanza. Huko pwani, mtu aliyesifika kwa mashairi aliweza kuwa mvuvi, mwalimu wa chuo au mfanyabiashara. Sanaa na riziki zilikaa nyumba moja. Hata hivyo tusiipambe zamani kupita kiasi. Mara nyingi kazi ya mtu iliamuliwa na ukoo aliozaliwa; mtoto wa mhunzi alitazamiwa kuwa mhunzi, na msichana hakuulizwa anapenda nini.

Mambo yalibadilika ulipokuja utawala wa kikoloni. Kodi iliyotozwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 ilidai fedha taslimu, na fedha ilimlazimu mtu kuuza mazao au kuuza nguvu zake. Wakati huohuo, katika miaka ya 1890, Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga. Shule hiyo, na nyingine zilizofuata, zilihitajika zaidi kwa ajili ya kupata makarani, maakida na walimu wa kuitumikia serikali. Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, karani aliendelea kuwa mtu wa kutamaniwa. Hivyo ndivyo elimu ilivyoanza kutazamwa na wengi kuwa ngazi ya kupandia mshahara. Fikira hiyo haikuzaliwa na uchoyo wa wazazi wetu. Ilizaliwa na hali waliyotiwa ndani yake, na haifai kuwacheka wakiirudia leo.

Ni katika hali hiyo aliishi mtu ambaye jina lake linajulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, na mwaka huohuo wa 1926 aliajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha. Alikaa huko hadi mwaka 1944. Kisha alihamia Idara ya Wanyama hadi mwaka 1946, akafanya kazi katika ofisi ya serikali mjini Tanga hadi mwaka 1952, na mwisho katika Ofisi ya Upimaji hadi mwaka 1960. Tukihesabu, ni miaka 34 ya utumishi. Aliacha kazi mwaka 1960, na mwezi Juni 1962 akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 53.

Msomaji asiyemfahamu angedhani huu ni wasifu wa karani wa kawaida. Lakini katika miaka hiyohiyo mtu huyu alitunga mashairi, tenzi, insha na riwaya, vitabu zaidi ya ishirini kwa jumla. Alitunga utenzi mrefu juu ya Vita vya Pili vya Dunia. Alitoa Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Hakuna hata kitabu kimoja kati ya hivyo alichoandika kwa kuwa ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Forodha ilimlipa kwa kuandika hesabu za bidhaa za watu wengine. Lugha aliitumikia kwa saa zake mwenyewe.

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Shaaban Robert alishika mbili na hakuponyokwa na hata moja. Lakini tusiseme kwamba hakulipa. Alilipa kwa saa za mapumziko alizozikosa. Alilipa kwa kuhamishwa kutoka kituo hadi kituo kwa amri ya serikali, awe katikati ya utenzi au mwanzoni mwake. Vitabu vyake kadhaa vilichapwa Johannesburg na London, mbali na watu aliowaandikia. Kufikirika ilitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima ikatoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kuzikwa. Mshahara wa karani ulimfikia kila mwezi. Malipo makubwa ya kalamu yake yalichelewa hadi akawa hayupo kuyapokea.

Yafaa tukiangalie hicho kitabu cha Utubora Mkulima kwa makini. Utubora ni mtu mwenye kazi nzuri mjini. Anaiacha, na kwenda Busutamu kuishi kwa jembe, kwa kuwa moyo wake umeridhika na maisha hayo kuliko mshahara. Walimu wengi hukitumia kitabu hiki kufundisha heshima ya kilimo, nao hawakosei. Lakini tukikumbuka kwamba aliyekiandika alikuwa karani wa miaka 34, tunaona jambo la pili. Mwandishi alimpa shujaa wake hatua ambayo yeye mwenyewe hakuichukua. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba aliitamani. Tunaweza kusema tu kwamba aliifikiria kwa kina hata akaijengea kitabu kizima. Mtu anayekaa katika kazi ya mshahara si lazima awe amesahau wito wake. Pengine anautazama kila siku kupitia dirisha la ofisi.

Na hakuwa bila mfano hai wa mtu aliyekwenda njia nyingine. Shaaban Robert ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, habari za mwimbaji mashuhuri wa Unguja. Siti alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880 katika nyumba ya kimaskini. Alichuuza vyungu akiimba ili kuwaita wanunuzi, na sauti hiyo ya kuuzia vyungu ikawa ndiyo mali yenyewe. Alihamia mjini mwaka 1911, akajifunza muziki, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Huyu aliweka riziki yake yote katika kipaji chake, na kipaji kikamlisha. Lakini tuangalie alianzia wapi. Hakuwa na mshahara wa kuuacha. Mchuuzi wa vyungu aliyejaribu kuimba hakuhatarisha kile anachohatarisha mtoto wa kwanza wa mkulima, ambaye ada zake zimelipwa kwa kuuza ng'ombe na ambaye wadogo zake wanne wanamngojea. Mfano wa Siti ni wa kweli na ni mtukufu, lakini haufai kutumiwa kumkemea kijana mwenye mzigo wa aina nyingine.

Baada ya Uhuru swali letu lilipata sura mpya, kwa sababu sasa shahada ilipatikana nyumbani. Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wachache sana. Taifa changa lilihitaji wahandisi, madaktari, walimu na maofisa, nalo ndilo lililolipa gharama za masomo. Kwa hiyo swali halikuwa tena la kijana na wazazi wake peke yao. Taifa nalo lilikuwa na neno. Mgongano ulitokea tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana Dar es Salaam kupinga mpango wa kuwataka wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa. Katika mpango huo, kwa miezi 18 mhitimu angefanya kazi yake huku akipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Rais Julius Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi wapatao 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata, 1967, aliandika Elimu ya Kujitegemea, na wengi wa wanafunzi wale wakaruhusiwa kurudi masomoni.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama kisa cha utovu wa shukrani, na mara nyingine kama kisa cha ukali wa dola. Kwa hoja yetu, kinatufundisha jambo lingine: kwamba mshahara wa msomi si siri yake na mwajiri wake tu. Upo mtu aliyelima pamba au kahawa ili msomi huyo akae darasani. Lakini deni lina pande mbili. Ikiwa msomi anadaiwa na jamii, jamii nayo inadaiwa na wale wanaofanya kazi ambayo hakuna mwajiri anayeilipia. Ni nani aliyemlipa Shaaban Robert kwa kuikuza lugha ambayo taifa lote lilikuja kuitumia?

Hapa ndipo historia inapotupa jibu ambalo kijana wetu wa kidato cha sita anastahili kulisikia. Shaaban Robert asingeweza kusomea shahada ya Kiswahili nchini mwake. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, miaka minane baada ya kifo chake. Mwaka 1976, katika chuo hichohicho, Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika, aliandika tasnifu ya shahada ya pili iliyomchambua Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Tangu hapo vijana wengi wamesomea Kiswahili na kuwa walimu, wahariri, watangazaji, wafasiri na wakalimani. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kazi aliyoifanya karani baada ya saa za ofisi imekuwa kazi ya mchana ya maelfu ya watu, nao wanalipwa kwa kuifanya.

Kwa hiyo anayesema kwamba fani fulani haina fedha anasema habari za leo tu. Mishahara haikuumbwa pamoja na mbingu na ardhi. Huwekwa na watu, kwa mahitaji ya wakati wao, na mara nyingi fani hupata malipo baada ya kupata wapenzi walioitumikia bila malipo. Lakini hilo lisigeuzwe kuwa ahadi. Si kila anayelima shamba la aina hiyo atavuna. Wengine huvuniwa na wajukuu. Kijana aambiwe ukweli huu mzima bila kukatiwa nusu.

Basi mwalimu amshauri nini? Kwanza, amuulize kijana kama anachokipenda anakifanya sasa, kabla ya shahada, bila kulazimishwa. Kijana anayesema anapenda uandishi na hajaandika hata ukurasa mmoja anapenda sifa ya uandishi. Pili, amuulize ni nani wanaomtegemea, na kwa muda gani. Aliyesoma kwa mkopo wa serikali, chini ya utaratibu uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, anatoka chuoni na deni, na deni hilo lina sauti katika uamuzi wake. Tatu, amkumbushe kwamba kuchagua kazi ya mshahara si kukizika kipaji, mradi asijidanganye kwamba atakirudia akishatajirika. Shaaban Robert hakungoja kustaafu ndipo aandike. Lau angengoja, tungekuwa na karani mmoja mwaminifu na rafu tupu katika maktaba zetu, kwa kuwa kati ya kuacha kazi na kufa alipata miaka miwili tu.

Neno la mwisho si la kijana bali ni letu. Taifa linalolipa vizuri fani chache tu na kuziacha nyingine zijitafutie, litaendelea kuandikiwa vitabu vyake na watu waliochoka, wakitumia masalia ya siku zao. Tulibahatika mara moja kumpata mtu ambaye masalia ya siku yake yalikuwa bora kuliko siku nzima za wengine. Si haki kuijengea bahati hiyo mpango wa utamaduni wa taifa. Tunapomwambia mwanafunzi achague kwa busara, na sisi tujiulize kama tumemwachia njia mbili za kuchagua, au tumemwachia moja tu na kuiita hiari.